Kalemie mpaka Lubumbashi: saa moja na nusu ya ndeke, siku nzima ya safari

Ndugu mfanyakazi, kila mara wakati wa konji unapokaribia, watu wa hapa Kalemie wanauliza swali moja: kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni saa ngapi kwa ndeke? Na kila mara wanapata jibu lile lile: «A! Saa moja na nusu tu.» Mwenye kuuliza anafurahi. Anamwambia bibi yake asijisumbue kupika chakula cha njiani, dawa anaziweka katika sanduku kubwa pamoja na nguo, na mtoto mwenye mafua anafungwa vizuri mgongoni kwa mama yake. Saa moja na nusu, nini inaweza kutokea?

Ukurasa huu wa usalama na afya hauna shida na jibu hilo. Ni jibu la kweli. Lakini ni jibu la ndeke, si jibu la msafiri. Leo tunataka kuhesabu safari hii sawasawa, kilomita na saa zake, na kueleza kinachotokea katika mwili wa mtu wakati anapokuwa juu. Mfanyakazi aliyeumia kifuani, mama mwenye mimba kubwa, mtoto wa anemia ya SS na mzee ambaye mapafu yake yamekula vumbi la mawe miaka ishirini, hawa wote wanahesabu safari kwa namna nyingine.

KILOMITA NGAPI?

Ukichukua karata ya inchi na kuvuta mstari ulionyooka kutoka kiwanja cha ndeke cha Kalemie mpaka kiwanja cha Luano, Lubumbashi, utapata karibu kilomita 660. Mstari huo unashuka kusini, unaelekea kidogo magharibi. Ukikaa dirishani upande wa kushoto, na kama hakuna mawingu, mwanzoni utaona ziwa letu, halafu milima ya Marungu. Mbele zaidi, mbali kule kushoto, kuna ziwa Mweru na Pweto. Karibu na mwisho unapita juu ya Kundelungu, na kisha ndeke inaanza kushuka.

Reli haiwezi kufuata mstari huo. Inatoka Kalemie kwenda magharibi kilomita 273 mpaka Kabalo, kwa njia ile iliyofika ziwani mwaka 1915, tena inashuka Kamina, Tenke, na mwishoni Lubumbashi. Ni kama mtu anayetaka kuingia nyumba ya jirani na anazunguka kwanza kata nzima. Kwa jumla urefu wa reli unakaribia mara mbili ya njia ya ndeke. Njia ya kamyo nayo inapinda, na wakati wa mvua hakuna mtu mwenye akili anayekuahidi siku ya kufika.

Sasa saa. Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa shule anaweza kuifanya: gawanya kilomita kwa mwendo wa ndeke, halafu ongeza dakika ishirini au thelathini kwa kupanda, kushuka na kujipanga mbele ya kiwanja. Ndeke kubwa ya moto, isiyo na mapanga ya kuzunguka, inakwenda kilomita 800 kwa saa. Kilomita 660 inazimaliza kwa dakika hamsini, na pamoja na kupanda na kushuka inakuwa saa moja na robo. Ndeke ya mapanga mawili, ile ya watu arobaini au hamsini, inakwenda kilomita 450 au 500: hapo ndipo inapotoka ile saa moja na nusu, na dakika kumi mpaka thelathini juu yake. Ndeke ndogo ya injini moja, ya watu kumi hivi, haipiti sana kilomita 300 kwa saa. Hiyo itachukua saa mbili na nusu, na upepo wa mbele ukiwa mkali, zaidi.

Kwa ndugu zetu wa Manono, kutoka kwao mpaka Kalemie ni karibu kilomita 260. Ndeke ndogo inazimaliza kwa muda wa saa moja na robo. Kutoka Manono kwenda Lubumbashi moja kwa moja ni karibu kilomita 480.

Hayo ni ya ndeke. Sasa tuhesabu ya mtu.

KUTOKA MLANGO MPAKA MLANGO

Tuchukue mfano wa mfanyakazi na bibi yake na watoto wawili. Ndeke yao imeandikwa kutoka saa nne ya asubuhi. Wanaamka saa kumi na moja. Saa moja wako njiani, kwa sababu kiwanja kiko nje ya mji na pikipiki mbili hazitoshi kwa mizigo yao. Saa mbili wanapanga mstari: tiketi, vitambulisho, go-pass, kupima mizigo, kufungua mizigo, kufunga mizigo. Saa nne inafika, ndeke haijafika. Ilichelewa kule ilikotoka. Saa sita inaonekana. Inateremsha watu, inapakia, inaondoka saa saba. Saa tisa kasoro robo inatua Luano. Mizigo, tena vitambulisho, tena gari la kwenda mjini, tena foleni ya magari. Wanapiga hodi kwa shemeji yao saa kumi na moja ya jioni.

Saa kumi na mbili, ndugu msomaji. Na hiyo ni siku nzuri. Siku mbaya ni ile ndeke inapofika juu ya mji na mvua imefunga kiwanja, inarudi ilikotoka au inakwenda kutua pengine. Kwa hiyo mwenye kusafiri ahesabu siku moja nzima ya maji, chakula na dawa, na aweke dawa ya siku ya pili juu yake. Dawa za sukari, za tansio, za kifua kikuu, za SIDA, za kifafa, zote zikae katika mfuko wa mkononi. Sanduku kubwa linaweza kubaki kiwanjani kwa sababu ndeke imejaa. Hilo si jambo la ajabu, linatokea kila wiki, na mwenye sukari hawezi kuambia damu yake ingoje ndeke ya Alhamisi.

Neno moja juu ya saa zenyewe. Tiketi inaandika 14.00, na sisi kwa Kiswahili tunasema saa nane ya mchana. Wako watu walioona 10.00 kwenye karatasi wakafikiri ni saa kumi ya jioni. Walipofika kiwanjani waliona majani yamelala tu, ndeke ilikwisha kwenda. Mwambie mtu anayejua kusoma tiketi akuandikie saa kwa namna yako mwenyewe.

Kalemie na Lubumbashi zina saa moja, hapo hakuna shida. Lakini anayeendelea mpaka Kinshasa ajue kwamba saa ya kule iko nyuma kwa saa moja. Tiketi ikisema unatoka Lubumbashi 10.00 na unafika Kinshasa 11.15, usifurahi kwamba umekaa juu saa moja na robo: umekaa saa mbili na robo. Na anayevuka ziwa kwenda Kigoma, ambako kwa mstari ulionyooka ni kilomita 130 hivi kutoka hapa, atakuta saa ya Tanzania iko mbele kwa saa moja. Anayemeza dawa kila baada ya saa kumi na mbili afuate saa ya nyumbani kwake, asihesabu kwa saa ya ukutani ya mahali alipofika.

KUNA NINI JUU?

Hapa tunaomba usome polepole.

Kalemie iko karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari. Lubumbashi iko karibu mita 1,300. Ndeke inapanda juu zaidi, na kadiri inavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyembamba. Katika ndeke kubwa kuna mashini inayosukuma hewa ndani ili watu wapumue. Lakini haileti hewa ya Kalemie. Inaleta hewa kama ya mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400. Mtu mzima mwenye afya haoni kitu, labda anapiga miayo na kusinzia. Ndeke ndogo nyingi hazina mashini hiyo kabisa, na zinaweza kupanda mpaka mita 3,000. Kwa hiyo wale wanaosema «tumpandishe mgonjwa katika ndeke ndogo, haipandi sana» wanakosea. Katika ndeke ndogo mgonjwa anaweza kukosa hewa zaidi.

Jambo la pili: hewa iliyofungwa inavimba. Chukua chupa tupu ya plastiki, ifunge vizuri hapa Kalemie, ipande nayo ndeke. Ikifika juu utaona imejaa na imekuwa ngumu. Kutoka hapa mpaka kwenye hewa ya mita 2,400, hewa ile inaongezeka karibu sehemu moja ya tano. Chupa haina maumivu. Lakini mwili wa mtu nao una mahali ambapo hewa imefungwa: ndani ya masikio, katika mifupa ya uso, tumboni. Na mtu aliyeumia anaweza kuwa na hewa mahali isipopaswa kuwa.

Fikiri mfanyakazi aliyeangukiwa na jiwe mgodini. Mbavu zimevunjika. Ubavu mmoja umetoboa pafu, na hewa imetoka pafuni ikakaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Anapumua kwa shida lakini anasema, anaomba maji. Jamaa wanafika lopitali wakilia: «Ndeke iko! Mpelekeni Lubumbashi sasa hivi! Ni saa moja na nusu tu!» Muganga anasema hapana, kwanza picha ya kifua, kwanza mpira wa kutoa ile hewa. Watu wanakasirika. Wanasema muganga hana huruma, au anataka pesa.

Ndugu zetu, muganga yule anamwokoa mtu wenu. Akimpandisha namna ile, hewa iliyofungwa kifuani itavimba kwa sehemu moja ya tano, itakandamiza pafu, itasukuma na moyo, na huko juu hakuna mahali pa kusimama. Saa moja na nusu inatosha kabisa kwa mtu kufa. Mpira ukiwekwa na ukifanya kazi, anaweza kusafiri pamoja na muganga au muuguzi wa kumwangalia. Na akipona hapa hapa, bado atangoje mpaka picha mpya ionyeshe kwamba pafu limejaa tena na siku za kutosha zimepita, ndipo apande ndeke kwenda kuona familia. Asiseme «sasa sisikii maumivu». Maumivu si kipimo cha hewa iliyobaki kifuani.

Ni vile vile kwa aliyepasuliwa tumbo: kama siku kumi hazijapita, aulize kwanza, maana hewa ya matumbo itavuta mshono. Aliyefungwa plasta kwa mguu uliovunjika, kama siku mbili hazijapita, plasta ipasuliwe urefu wake wote kabla ya kupanda, kwa sababu mguu unaweza kuvimba ndani yake na damu ikakosa njia. Aliyepigwa kichwani au jichoni asipande bila ruhusa ya muganga.

MAPAFU YA VUMBI NA DAMU YA SS

Wazee wetu waliotoboa mawe miaka mingi, wengine bila maji ya kuzima vumbi, mapafu yao yamekuwa magumu. Hapa chini wanajikaza. Juu, hewa ikipungua, hawana akiba. Hatusemi wasipande ndeke. Tunasema wajipime. Kuna kipimo ambacho waganga wa safari wanakitumia, na hakihitaji mashini: mtu atembee mita 50 kwa mwendo wa kawaida, mahali palipo sawa, bila kusimama. Asipokosa pumzi wala kuumwa kifua, mara nyingi ataweza safari ya ndeke. Akisimama katikati na kushika ukuta, amwone muganga kwanza. Labda atahitaji hewa ya chupa, na jambo hilo kampuni ya ndeke iambiwe siku kadhaa mbele, si mlangoni. Mita 50 ni nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira. Fanya kipimo hicho wiki moja kabla ya kulipa tiketi.

Mtoto wa anemia ya SS ni neno kubwa katika nyumba zetu nyingi. Damu yake, ikikosa hewa, chembe zake zinapinda kama mundu na kuziba njia ndogo za damu. Ndiyo ile maumivu ya mifupa, ya kifua, ya tumbo. Ndeke inapunguza hewa, na siku ndefu bila maji inaongeza hatari. Mtoto aliyekuwa na maumivu hayo katika siku kumi zilizopita asipande. Aliyetulia, muganga akikubali, anywe maji tangu asubuhi, avae nguo ya joto kwa sababu ndani ya ndeke kuna baridi, na mama abebe dawa zake mkononi. Vile vile mtu yeyote mwenye damu kidogo sana, labda kwa malaria kali au kwa kuzaa vibaya: damu ikiwa chini ya gramu 7.5, muganga aamue.

Mafua na masikio, watu wanayacheka. Basi muulize aliyewahi kushuka Luano na mafua mazito! Sikio linauma kama limechomwa sindano, na ngozi ya ndani inaweza kupasuka. Maumivu yanakuja zaidi wakati wa kushuka. Kwa hiyo amsha watoto kabla ndeke haijaanza kushuka. Mtoto mdogo apewe ziwa, mkubwa apewe kitu cha kutafuna, na wewe mwenyewe meza mate, au ziba pua na mdomo na sukuma hewa polepole. Polepole, tumesema.

MIZIGO, UZITO NA MAMBA

Waliofanya kazi chini ya ardhi, kama kule Kipushi, wanajua: kwenye lifti ya shimo kuna hesabu ya watu, na hesabu ikitimia mlango unafungwa. Hakuna anayesema «mimi ni mwembamba, niingie tu». Kwa nini basi watu wale wale, wakifika kiwanja cha ndeke, wanabishana na mpima mizigo, wanaficha mfuko wa samaki wakavu wa kilo kumi chini ya liputa?

Uzito wa ndeke unahesabiwa pamoja na joto la siku na urefu wa mahali. Hewa ya joto ni nyembamba, na hewa ya Lubumbashi, kwa sababu ya urefu wa mji, ni nyembamba kuliko ya Kalemie. Ndeke inahitaji kukimbia zaidi ili iruke. Tarehe 8 Januari 1996, huko Kinshasa, ndeke ya mizigo iliyokuwa imelemewa ilishindwa kupanda kutoka kiwanja cha Ndolo, ikaingia soko la Simbazikita lililokuwa limejaa watu. Mamia walikufa, na wengi wao hawakuwa na tiketi ya kwenda popote. Walikuwa wakiuza na kununua tu.

Uzito si kiasi tu, ni mahali pia. Tarehe 25 Agosti 2010 ndeke ndogo ilianguka Bandundu ikikaribia kutua. Ndani walikuwa watu 21, akapona mmoja. Yule aliyepona alieleza kwamba msafiri alikuwa ameficha mamba mdogo katika mfuko, mamba akatoka, watu wakaogopa na kukimbilia mbele wote pamoja, na ndeke ikapoteza usawa wake. Tunajua wengine watacheka wakisoma habari ya mamba. Watu ishirini walikufa. Mnyama hai asiingie kwa siri, awe mamba, awe kuku, na mtu asisimame wakati ndeke inashuka, hata kama mzigo wake umeanguka, hata kama jirani anatapika. Katika ndeke ndogo mtu mmoja kuhama kiti bila kuambiwa ni neno linalomhusu piloti.

Sasa mizigo ya kazi. Baruti, kamba zake na vifaa vya kuiwasha haviondoki mgodini katika mfuko wa mtu, siku yoyote, kwa sababu yoyote. Hilo kila mfanyakazi anafahamu. Lakini wako wanaosahau vitu vingine: mafuta yaliyobaki katika jenereta ndogo, asidi ya batri ya gari, chupa ya gesi ya kupikia, karabidi ya wachomeleaji ambayo ikipata maji inatoa gesi ya kuwaka. Vyote hivyo ni marufuku. Na batri za simu, zile za kuchajia hasa, ziwe katika mfuko wa mkononi, siyo katika sanduku la chini, maana zikianza kuwaka chini hakuna mtu wa kuziona. Ndugu wa Manono wanatuuliza kama jiwe la litiyumu nalo linawaka. Jiwe haliwaki. Batri iliyotengenezwa na litiyumu ndiyo inayowaka, na maji kidogo hayatoshi kuizima.

Ukikaa, funga mkaba chini kwenye nyonga, siyo juu ya tumbo. Mama mwenye mimba aupitishe chini ya mimba. Hesabu viti vilivyo kati yako na mlango wa hatari. Moshi ukijaa utahesabu kwa mikono, kama tunavyofundishwa kwa ajili ya njia ya kutokea mgodini. Na usitoke nje ukizunguka upande wa mapanga, hata kama yanaonekana yamesimama.

SIKU PILOTI ANAPOKATAA

Toka Oktoba mpaka karibu na Mei tunakuwa katika mvua, na mawingu makubwa meusi yanapenda kujijenga mchana, juu ya ziwa na juu ya milima. Ndeke kubwa inayazunguka na safari inaongezeka dakika. Ndeke ndogo mara nyingi inangoja. Ndiyo sababu safari ya asubuhi ni nzuri kuliko ya mchana, na ndiyo sababu piloti anaweza kuangalia mbingu, akakunja karatasi zake, akasema kesho. Tumeona watu wakimtukana, mmoja akisema ana matanga Lubumbashi. Tunaelewa uchungu wa matanga. Lakini hapa kwetu hakuna aliyesahau masua Mutambala iliyozama katika ziwa hili Desemba 2014 na kuua watu zaidi ya mia moja, wala gari la moshi lililoanguka Mayibaridi Septemba 2019. Chombo chochote kikikuambia hakiwezi, shuka.

Wanaosafiri kwa masua au kwa gari la moshi wana hatari yao ya siku nyingi, nayo ni maji machafu. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika mji huu na kando ya ziwa. Bebeni maji yaliyochemshwa na sabuni. Mwenye kuhara asianze safari. Na akianza kuhara njiani, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe bila kuacha mpaka afike kwa muganga.

WIKI ZA MIMBA

Tumelibakiza kwa mwisho kwa sababu mabibi wanatuuliza kuliko wote. Mama mwenye mimba ya mtoto mmoja anaweza kupanda ndeke mpaka mwisho wa wiki ya 36, kama hana damu wala tansio. Mwenye mapacha, mpaka wiki ya 32. Baada ya wiki ya 28 abebe karatasi ya muganga inayoonyesha wiki zake na siku ya kuzaa inayotazamiwa. Bila karatasi anaweza kurudishwa mlangoni. Mtoto mchanga asipande kabla ya siku mbili, na ni vizuri zaidi juma lake moja liishe.

Lakini angalieni hesabu. Mama anaondoka Kalemie na wiki 32 kwenda kwa mama yake Lubumbashi kwa konji ya mwezi mmoja. Kwenda, hakuna shida. Siku ya kurudi ana wiki 36. Mvua inanyesha, ndeke inaahirishwa siku tano, tena siku tatu. Sasa ana wiki 37, na mlango umefungwa. Nguo za mtoto ziko Kalemie, kadi ya kliniki iko Kalemie, baba yuko kazini Kalemie. Kwa hiyo, kabla ya kununua tiketi, hesabuni wiki za kurudi pamoja na wiki mbili za kuchelewa. Na kama hazitoshi, aende na kadi yake na nguo za mtoto, azalie kule.